Ukuta Uliosukwa Salale

Wanangu, nasikia siku hizi mtu akitaka ua la ukutani hahangaiki kulichora. Analitafuta, linashuka, analibandika kwenye nyumba yake ndani ya kompyuta, na kabla chai haijapoa ukuta mzima umechanua. Siwalaumu. Nami nilipoketi mbele ya mashine ile kwa mara ya kwanza nililewa vivyo hivyo, na katika ulevi wangu nusura nimfute duniani mama wa mtu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla yake nyumba ya kwetu ilikuwa kuta na chokaa, basi. Mwenye bati alikuwa amekwisha kufika. Mara maduka ya Kibiti yakajaa saruji na rangi za makopo, na watu wakataka kuta zao ziseme. Huyu anataka nguzo za mviringo, yule anataka maua ya zege juu ya madirisha, mwingine ameona nyumba ya Dar es Salaam yenye mawimbi chini ya paa, naye anataka mawimbi. Mwenye ofisi yetu alikaa huko huko Dar. Kibiti tulikuwa wawili tu: mimi Saada, mzaliwa wa Ruaruke, na Mzee Mlelwa, mtu wa milimani Njombe, wa kanisani kila Jumapili, aliyenifundisha kuchora ramani kwa kalamu ya wino na rula.

Siku kompyuta ilipoletwa, na programu ya kuchorea majengo ndani yake, Mzee Mlelwa aliitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa kisha akauliza chumba cha kulala kiko wapi.

"Inajua nini?" akaniuliza.

"Inachora, mzee."

"Hata kuku anachora akiparua uwanja. Nimekuuliza inajua nini."

Wiki ya pili niliandika amri, herufi kwa herufi, na mstari uliokuwa umelala ukainuka ukawa ukingo wa ukuta. Nikauagiza ugeuke. Mashine ilikuwa nzito. Ukibonyeza, picha inafutika, halafu inarudi mstari mmoja mmoja kutoka juu, kama mtu anayefunua shuka taratibu. Ikarudi imegeuka! Niliona mgongo wa ukuta ambao haujajengwa. Niliweka kiganja mdomoni. Nimezeeka sasa, nimeona mashine nyingi, na bado sijapata neno la kuusema mshangao ule.

Mteja wangu wa kwanza wa nakshi alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Mloka, kule kando ya mbuga, ambako tembo huvuna mahindi kabla ya mwenye shamba. Alikuwa akijenga Kibiti, na alitaka simba wawili ukutani, mmoja kila upande wa mlango. Nikamchora wa kulia, nikaiamuru mashine impindue awe wa kushoto, nikamwita mwenyewe aone. Akatazama. Akainamisha kichwa. Akasogea karibu.

"Binti, umewahi kumwona simba?"

"Kwenye picha."

"Mimi nimemwona mlangoni kwangu. Huyu wako hajawahi kumla mtu. Huyu anaomba maziwa."

Mzee Mlelwa alicheka mpaka akavua miwani. Simba wale tuliwarekebisha mara nne, na mpaka leo nyumba ile watu wanaiita Kwa Paka. Kosa langu halikuwa sura peke yake. Niliwachimba kina cha kucha, wakati jua la kwetu saa sita linapiga utosini na kufuta kila kitu kisicho na kivuli. Nakshi ya ukutani, wanangu, ichimbeni kina cha kidole. Na hifadhini kazi yenu kila mara. Sisi tulitumia jenereta. Likikohoa tu, asubuhi yako nzima imekwenda. Nilihifadhi kwenye flopi mbili, moja ofisini, moja kwenye mkoba wangu pamoja na wanja.

Sasa Salale, kule kwenye mikoko, mto unakoingilia baharini.

Kijiji kimoja cha upande ule kilikuwa na zahanati ukingoni mwa mto, na mto ulikuwa unaula ukingo. Kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yalimega kipande. Ikaamuliwa zahanati ijengwe upya ndani zaidi, kwenye ardhi ngumu, na ofisi yetu ichore. Wanakijiji walikubali kuhama kwa sharti moja: nakshi ya ukuta wa baraza ihame nao.

Nikaenda peke yangu kwa boti ya mashine, tukikata kona katikati ya mikoko mpaka nikasahau nimetokea wapi. Zahanati ilikuwa ndogo, ya matofali na chokaa. Juu, chini kidogo ya paa, mkanda wa chokaa wenye upana wa kiganja ulizunguka ukuta wote wa baraza, nao ulikuwa umejaa alama za msuko. Nikajua mara moja ni ukili, ule utepe wa ukindu ambao wanawake wa kwetu husuka kisha huushona kuwa mkeka. Mtu aliukandamiza kwenye chokaa mbichi, akaubandua, alama ikabaki.

Mtu wa kawaida angeuliza: nani aliukandamiza? Sikuuliza. Boti haingoji, maji yakitoka unabaki kwenye tope mpaka yarudi. Nikachagua kipande kizuri kuliko vyote, urefu wa mkono, nikakipima vyema, nikaondoka.

Kibiti nilikichora kipande kile siku tatu. Kisha nikatoa amri ya kurudia. Amri moja, wanangu! Kipande kikazaa kipande, kikazunguka pembe, kikapita juu ya madirisha, kikajifunga kilipoanzia. Ukuta mzima umekamilika wakati nakunywa maji. Nikamwita Mzee Mlelwa. Alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Unapendeza," akasema. "Ila mbona hauchoki?"

"Nini hakichoki?"

"Huo mkono. Mtu akisuka mzunguko mzima wa nyumba, mahali fulani huchoka."

Nikadhani ni wivu wa kalamu.

Tulikwenda Salale pamoja, yeye kuangalia uwanja wa jengo jipya, mimi kuonyesha karatasi yangu iliyochapwa Dar, ndefu kama khanga tatu. Wanawake wakaitandaza barazani. Wakainama. Kimya kikawa kirefu, nami nikakipokea kama sifa.

Mwanamke mmoja wa umri wa miaka ishirini na mitano hivi, jina lake Somoe, alitembeza kidole juu ya karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi.

"Dada, hii ya nani?"

"Ndiyo ukuta wenu."

"Huu ni msuko wa Binti Salumu," akasema. "Na hapa Binti Salumu. Na hapa Binti Salumu. Hapa pembeni tena Binti Salumu." Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe zahanati alijenga peke yake! Mama zetu siku ile walikwenda kuvua?"

Wakacheka, na kicheko kile kilinichoma kuliko matusi. Bibi mmoja, ndiye Binti Salumu mwenyewe, akafunika uso kwa upande wa khanga na kusema, "Mie nimechoka hata kuona."

Ndipo nikaambiwa nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo. Zahanati ile ilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Wanaume walikata miti na kufyatua matofali, wanawake walichoma makombe ya chaza kupata chokaa. Siku ya kupiga lipu, kila mwanamke aliyebeba maji alikuja na ukili aliousuka mwenyewe, urefu wa mkono, akapanda benchi akaukandamiza mahali pake. Vipande thelathini na saba. Hapana viwili vinavyofanana, kama ambavyo hapana mikono miwili inayosuka sawa. Mimi, niliyejifunza kusuka ukili mapajani mwa mama yangu Ruaruke kabla sijajua kusoma, niliutazama ukuta ule nikaona nakshi tu.

Somoe alinishika mkono akanipeleka mwisho wa baraza, upande wa mto. Akanyoosha kidole juu.

"Ule umelala upande wa pili. Unaona? Alisukia mkono wa kushoto. Mama yangu, Binti Mkwinda."

"Yupo?"

"Mtumbwi ulipinduka wakienda mashamba ya mpunga. Mimi sijaachishwa ziwa. Hakuonekana." Alisema hivyo bila kupandisha wala kushusha sauti. "Hana kaburi, dada. Mikeka yake ilichakaa, bibi yangu akaitupa, wakati ule nani alijua. Kilichobaki cha mkono wake ni hicho. Unanipimia au hunipimii?"

Nikataka kusema ndiyo, lakini nilijua ratiba. Mafundi walikuwa wameshafika kuezua bati na kubomoa ili matofali yaokolewe kabla ya bamvua. Siku mbili. Wala hatukuweza kuchukua umbo kwa udongo wa mfinyanzi, kwa sababu chumvi ilikwisha kuila chokaa ile. Tulijaribu kwenye kipande kilichokwisha kuharibika, na udongo ulipobanduka ulikuja na nakshi yote, unga mtupu. Ukuta ule ulitaka kuangaliwa tu.

Mzee Mlelwa akavua koti. "Kaa," akaniambia.

"Mzee, siku mbili!"

"Kaa, nimesema. Kwanza tuutazame."

Tukakaa chini, migongo kwenye nguzo, bila penseli. Pengine nusu saa. Na jua la asubuhi lilipoinuka juu ya mikoko, likapiga ukuta kutoka ubavuni, mkanda wote ukaamka. Kila chane ya ukindu ikaonekana ilipopita juu ya mwenzake na ilipozama chini. Nikaanza kuwaona wanawake: huyu anavuta sana, huyu mvivu wa pembeni, huyu chane zake nyembamba kama nyuzi, mwenye majivuno. Thelathini na saba, wamesimama juu ya benchi, mikono juu, na mimi nilikuwa nimewafukuza wote nikabakiza mmoja.

Tulifanya kazi. Kupima kina Mzee Mlelwa alitoa mwiba wa nungunungu aliokuwa akizibulia kalamu zake, akautia alama za wino kila milimita. Ni mwepesi, haukwangui. Kumbukeni hilo siku mtakapopewa kitu kinachokufa mikononi. Jua lilipopanda, Somoe alileta kioo cha kujitazamia, akasimama uani akautupa mwanga ukutani kwa ubavu, tukapata asubuhi ya bandia. Nilisoma, mzee aliandika. Mafundi walitufuata nyuma wakiezua. Tukimaliza dirisha, wao wanaanza.

Siku ya pili alasiri kilibaki kipande kimoja, cha Binti Mkwinda, kwa kuwa kilikuwa mwisho kabisa, upande wa mto. Maji yalikuwa yanajaa. Nikiwa juu ya ngazi nikasikia mlio mzito chini, na ukingo ukaenda, kipande kikubwa kama kitanda, pamoja na mti wake. Ufa ukapanda kwenye pembe ya ukuta.

"Shukeni!" msimamizi wa mafundi akapiga kelele. "Ukuta huo tunauangusha sasa hivi, usije ukaua mtu!"

Nikamtazama Somoe. Alikuwa bado ameshika kioo, na mwanga ulikuwa umetulia pale pale juu ya mkono wa mama yake, wala hautetemeki.

Mzee Mlelwa akakunja suruali, akaingia kwenye maji yaliyokuwa yakizunguka mguu wa ngazi, akaikumbatia kwa mkono mmoja, daftari kinywani. Kisha akalitoa. "Soma!"

"Nne. Nne. Tano. Nne."

"Endelea."

"Nne. Tano. Tisa."

"Rudia."

"Tisa, mzee. Na inayofuata nane. Halafu tatu, tatu."

"Umetetemeka."

"Sijatetemeka!"

Maji yalikuwa yamemfika magotini. "Basi tisa," akasema, akaandika, akapiga mstari chini yake. "Tunaandika kilichopo. Endelea, binti, mimi kuogelea sijui."

Tulimaliza. Aliposhuka mtu wa mwisho, mafundi walifunga kamba wakavuta, na ukuta ukalala bila kelele nyingi, kama gunia la unga. Somoe aligeuza kioo chake chini. Akaniuliza swali moja tu: "Umempata?" Nikajigonga kifuani kwa daftari.

Kibiti sikurudia amri ya kurudia. Nilisuka. Sina neno jingine. Kila chane niliipa mstari wake, nikaupitisha juu ya mmoja na chini ya mwingine, kwa vipimo vya daftari, kisha nikaupa unene wa ukindu. Kipande kimoja kilinichukua siku mbili, tatu. Mzee Mlelwa aliyekuwa haigusi mashine akawa anavuta kiti kila asubuhi, ananisomea daftari, na mimi nikimaliza mwanamke mmoja anasema, "Haya, karibu mama," anafungua ukurasa mwingine.

Ndipo nikaelewa kitu kingine. Ukutani kulikuwa na mashimo tu, alama kinyumenyume. Jicho haliyasomi yote. Lakini mimi ndani ya mashine niliweza kugeuza shimo likawa kitu. Nilichokuwa nacho mbele yangu hakikuwa tena alama ya ukili. Ulikuwa ukili wenyewe, jinsi ulivyokuwa mikononi mwao kabla haujagusa chokaa. Ukindu wenyewe ulikwisha kuoza miaka mingi.

Kipande cha Binti Mkwinda nilikiweka mwisho. Kikaja vizuri, kimelala kushoto, kimebana, mkono wa mtu hodari. Katikati kikaharibika. Zile tisa na nane. Chane zikatanuka, zikapanda juu kama zimepumua, halafu ghafla zikabana kuliko mwanzo. Lilikuwa doa baya. Nikaamini kwamba mzee alisema kweli, nilitetemeka juu ya ngazi. Nikaweka kipanya pale, tayari kulainisha. Kazi ya dakika moja, nani angejua?

"Usiguse," Mzee Mlelwa akasema. "Mwite mwenyewe."

Somoe alifika baada ya siku nne. Alikaa kwenye kiti changu, miguu haifiki chini vizuri, jenereta linanguruma dirishani. Nikaiamuru mashine. Picha ikafutika, ikaanza kurudi mstari kwa mstari, na ukili wa mama yake ukaja kutoka juu, polepole, umegeuzwa, mzima, umeinuka kutoka kwenye weusi wa kioo cha mashine.

Hakulia, kama mnavyodhani. Alifanya jambo la ajabu zaidi. Vidole vyake juu ya mapaja vikaanza kusuka. Aliusoma kwa mikono, akifuata chane moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu. Alipofika kwenye lile doa, mikono ikasimama.

"Hapa," nikasema haraka, "naona nilikosea kupima. Nitalainisha."

"Hukukosea." Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Hapa ameachia. Ukili huwa hivi wewe ukinyanyuka ghafla bila kuubana kwa mguu. Unafumuka. Ukirudi kuketi unavuta kwa nguvu, unataka kufidia. Tazama alivyovuta."

"Kwa nini anyanyuke ghafla?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Dada. Alikuwa na mtoto mchanga amelala ndani." Akageuka tena kwenye kioo, na safari hii sauti ikawa ndogo mno, nusura jenereta liimeze. "Nililia. Akaja."

Mzee Mlelwa alisimama akatoka nje. Nilimwona dirishani amevua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena.

Vipande vyote thelathini na saba vikachapwa kwa ukubwa wake kamili, na Fundi Mtupa, seremala wa Kibiti, akapewa kazi ya kuchonga kalibu za mbao za kumiminia saruji. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kujivunia patasi yake. Siku moja akanijia na karatasi ya Binti Mkwinda, uso umekunjamana.

"Bi Saada, hapa katikati pameharibika. Nikichonga hivi watu watasema Mtupa mikono imemwisha. Nanyoosha."

"Usinyooshe."

"Kasoro ni kasoro!"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, palepale mlangoni: mtoto alilia na mama akanyanyuka. Akaitazama karatasi, kidole gumba kikipapasa pale palipofumuka.

"Huyo mtoto yupo?"

"Yupo. Ana watoto watatu. Ndiye atakayekuja kuupokea ukili huu."

Akaikunja karatasi taratibu, akaiweka kifuani.

"Basi acha niulegeze vizuri," akasema.